Zile dola 6,500

Wiki ya tatu sasa tunafanya mazoezi ya A Raisin in the Sun, mchezo wa Lorraine Hansberry, kwa Kiswahili, uani kwa rafiki yetu hapa Ntinda, Kampala. Mimi naigiza Walter. (Kumbe mchezo huu ulifika Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York, mwaka 1959, mwaka uleule ukumbi wetu wa taifa wa maigizo ulipofunguliwa Kampala. Haya.)

Mwanzoni Walter nilimchukia. Dereva wa tajiri, mdomo mwingi, kila siku analilia kufungua duka la pombe. Mama yake anampa dola 6,500 za bima ya marehemu baba, na 3,000 kati yake aziweke benki kwa masomo ya dada yake. Jamaa anamkabidhi rafiki zote. Rafiki anayeyuka.

Jana tulipofika hapo nikashindwa kutamka. Mwaka juzi mama alinitumia karo ya mdogo wangu kutoka Arua, ikaingia kwenye simu, nikaibeti yote wikendi moja. Dogo alikaa nyumbani muhula mzima. Mama hakunigombeza, alinyamaza tu, na afadhali angenitukana.

Kwenye mchezo, mzungu anapokuja kuilipa familia ya Walter, watu weusi, ili wasihamie mtaa wa weupe, Walter yuko tayari kupokea. Mama yake anaamuru Travis, mtoto wa Walter, abaki atazame. Hapo ndipo Walter anakataa. Wala hajawa malaika, na hela hazijarudi.

Mwongozaji akasema turudie. Nikaomba dakika tano, nikatoka, nikampigia dogo. Hakupokea. Leo jioni nampigia tena.