Mafuta Kiganjani

Babu mzaa baba alikuwa mhunzi. Kwetu Wamaasai hilo si jina la kazi tu, ni ukoo: ilkunono. Alifua sime, mikuki na kengele za ng'ombe, na pale Monduli sijui boma lililokosa kitu kilichotoka mikononi mwake. Lakini mteja akija kuchukua sime yake, alipaka kwanza mafuta kiganjani ndipo akaipokea, unajisi wa mhunzi usimpate. Siku nyingine babu aliiweka tu chini kwenye majani na kurudi nyuma hatua mbili. Nilikuwa mdogo, nikidhani ndiyo adabu ya kufanya biashara. Posa hazikuja kwetu. Wahunzi walioana na wahunzi.

Niliteremka Arusha mwaka 1994, nikabeba mizigo katika duka la Mhindi mmoja karibu na Soko Kuu, kisha nikajifunza udereva, na sasa ni miaka kumi na tisa naendesha watalii. Muda wote huo, ukiniuliza kabila nakujibu Mmaasai, basi, naishia hapo. Aliyenifungua mdomo ni mama mmoja wa makamo kutoka Jamhuri ya Czech, mwaka jana mwezi wa saba.

Alikuja na mwanawe wa kiume anayefanya kazi Uingereza, ndiye aliyemlipia safari. Mama hakujua Kiingereza, kijana ndiye alikuwa mkalimani wetu. Asubuhi ya kuondoka nikapita kwenye duka lile lile la zamani kuchukua maji ya njiani, maana mzee bado yupo na bado ananipunguzia bei. Nikamsalimu kwa Kigujarati changu cha dukani, nikamwambia nataka pani, katoni tatu. Mama alikuwa nyuma yangu. Akanishika mkono wa shati.

"Pani?" Akaonyesha chupa.

Nikaitikia, pani. Akamtazama mwanawe, akaanza kuhesabu kwa vidole, polepole kama mtu anayejaribu mlango asiojua kama umefungwa: yek, dui, trin, shtar, panj. Mzee akatoka kwenye kiti chake cha kaunta, naye akanyoosha vidole: ek, be, tran, char, panch. Mama akagusa pua, akasema nakh. Mzee akagusa yake, nak. Sikio, kan na kan. Mzee akaniuliza kwa Kiswahili, "Huyu mama ni wa wapi hasa?" Hakuna aliyemjibu, kwa sababu mama alikuwa anajifuta machozi kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwani, na mwanawe anamshika bega.

Ndani ya gari, tulipokuwa tunapita Kisongo, kijana akanieleza. Wao ni Waroma. Mababu zao walitoka kaskazini mwa India yapata miaka elfu moja iliyopita, wakavuka Uajemi na Uturuki ya leo mpaka Ulaya. Walipofika, watu wakadhani wametoka Misri, na kutoka jina hilo la Misri Waingereza wakapata neno Gypsy. Lugha ndiyo iliyowaumbua waliosema uongo juu yao: wataalamu wa karne ya 18 walipoilinganisha na lugha za India, wakakuta ni ndugu. Leo inakadiriwa Ulaya ina Waroma milioni 10 hadi 12.

Niseme ukweli hapa. Neno hilo, Gypsy, nilikuwa nalijua. Wageni wengi wa Ulaya wamelitaja garini mwangu, na karibu kila mara lilifuatana na neno mwizi. Nami nikalibeba kama nilivyopewa, nikawaeleza hata madereva vijana kwamba kule Ulaya kuna kabila la wezi. Mimi, mjukuu wa mtu aliyepokelewa kazi yake kwa mafuta.

Usiku ule tulilala Karatu. Kwenye meza ya chakula kulikuwa na mume na mke wanaozungumza Kicheki. Mama aliwasalimu kwanza, kwa furaha ya kukutana na mtu wa nyumbani ugenini. Mwanamke aliitikia vizuri tu. Ila mkono wake wa kushoto ulishuka, ukauvuta mkoba uliokuwa sakafuni, ukaupakata. Hakumtazama mama wakati anafanya hivyo. Nadhani hata mwenyewe hakujua kama mkono umefanya hivyo. Mama aliona. Alimaliza supu yake, akaenda kulala.

Mwanawe ndiye aliyebaki na mimi kwenye moto. Alinieleza mengi, na mengine nimeyafuatilia mwenyewe baadaye. Katika nchi za Wallachia na Moldavia, ambazo leo kwa sehemu kubwa ni Romania, Waroma waliuzwa na kununuliwa kama watumwa kwa karne kadhaa, hadi miaka ya 1850. Wanazi waliwaua kwa malaki. Usiku mmoja tu, wa tarehe 2 Agosti 1944, pale Auschwitz-Birkenau waliingizwa kwenye vyumba vya gesi watu takriban 4,300: wazee, wanawake, watoto. Na kwao Czech, mahali paitwapo Lety, palikuwa na kambi iliyolindwa na Wacheki wenyewe. Walikufa humo zaidi ya 300, wengi watoto. Miaka ya sabini pakajengwa shamba la nguruwe. Nguruwe, pale pale palipokuwa na kambi! Ilibidi wapiganie miaka mingi mpaka serikali ilipolinunua, likabomolewa, na kumbukumbu ikafunguliwa mwaka 2024.

Wacheki Waroma wa zamani karibu wote waliangamia vitani. Familia yake ilitoka Slovakia baadaye, babu yake alifuata kazi ya viwandani Ostrava. Mama aliingia shule akiwa na miaka sita, anajua Kiroma tu, akapimwa akili kwa Kicheki. Akashindwa, akapelekwa shule ya watoto wenye akili taahira. Alitoka huko na cheti kisichomfungulia mlango wowote, akasafisha sakafu za hospitali maisha yake yote. Wazazi wa watoto 18 wa mji huo huo walikwenda hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na mwaka 2007 wakashinda. Mama tayari alikuwa mtu mzima.

Kesho yake tukateremka Mang'ola, ziwa Eyasi. Wageni hupenda kuwaona Wahadzabe alfajiri, kisha mhunzi wa Kidatoga, anayeyeyusha makufuli mabovu na mabomba ya shaba kutengeneza bangili, na misumari kuwa ncha za mishale. Kwa kawaida mgeni hupiga picha, hununua, huondoka. Mama alikaa chini. Akaomba mivukuto, ile mifuko ya ngozi ya mbuzi, akaanza kuvukuta kwa zamu, kushoto, kulia, bila kuharakisha, na makaa yakageuka kutoka mekundu kuwa meupe. Mhunzi akaacha kucheka. Alijua yuko mbele ya mtu wa kazi.

"Babu yake alikuwa mhunzi," kijana akasema. "Kijijini walihitaji misumari yake na minyororo yake. Nyumba yake ilikuwa mwisho wa kijiji, ng'ambo ya mto."

Mhunzi akamaliza bangili, akaipoza kwenye maji, akampa mama mkono kwa mkono. Nilikuwa naangalia viganja. Vikavu vyote viwili.

Ndipo nikawaambia, wageni, jambo ambalo mke wangu alilijua na wanangu hawakulijua. Mama alisikiliza tafsiri mpaka mwisho. Kisha akanunua bangili ya pili, akaivisha mkononi mwangu.

Mwezi uliopita ilikuja posa ya binti yangu mkubwa. Wamaasai wenzetu, watu wa ng'ombe, wastaarabu. Chai ikanywewa, mshenga akafika kwenye swali la ukoo. Mke wangu alinibonyeza goti chini ya meza. Nikasema: ilkunono. Mzee wa upande wao aliweka kikombe chini, akasema watarudi na jibu.

Hawajarudi. Walipoondoka binti yangu hakuniuliza habari za mchumba. Aliniuliza kwa nini nilimficha habari za babu yangu mhunzi. Nilimjibu kwamba niliogopa, na hiyo ndiyo kweli. Kisha tukaingia stoo pamoja tukaitafuta nyundo ya babu. Tuliikuta chini ya gunia la mkaa, mpini umeliwa na mchwa. Binti ameshaupeleka kwa fundi kuchongwa upya.