Helmeti ya mgeni wa angani niliyoitia zipu

Bei ya helmeti hii ndiyo kila mtu anayoniuliza kwanza, kwa hiyo naimaliza mapema: sijui. Kama elfu arobaini na kitu hivi, ukiacha rangi iliyobaki, na ukiacha mikeka ya mpira ambayo nusu yake jirani alinipa bure. Aliyekwambia helmeti ya namna hii inatengenezwa kwa elfu kumi, mwambie akutengenezee yeye.

Mimi ni fundi cherehani. Cherehani yangu ipo barazani kwenye duka la watu, Mwanjelwa, Mbeya, na kazi zangu ni sare za shule, vitenge vya harusi na kupunguza suruali za mitumba. Mwisho wa Mei mtoto wa kaka yangu alikuja, akaniamkia "shikamoo shangazi" kwa ile sauti ya mtu anayetaka kitu, akakalia stuli ya wateja. Kikundi chao cha maigizo kilikuwa kinajiandaa kucheza Mbozi tarehe 30 Juni, Siku ya Vimondo Duniani. Katika igizo lao mgeni anashuka kutoka angani kuja kudai jiwe lake, yaani Kimondo cha Ndolezi, na wazee wa kijiji wanamwambia atalichukua akishalipa gharama za ulinzi wa miaka yote. Nikacheka. Kosa langu ndilo hilo, kucheka, kwa sababu alijua nimeshakubali.

"Sasa mgeni anahitaji helmeti, shangazi."

"Si mkaazime elementi ya bodaboda?"

"Shangazi! Mtu katoka angani, avae elementi ya Kabwe?"

Alitaka ionekane kama imechongwa kwenye Kimondo chenyewe. Kama hujafika Ndolezi, lile ni bonge la chuma lenye urefu wa kama mita tatu na uzito wa zaidi ya tani kumi, karibu lote ni chuma na nikeli kidogo. Rangi yake ni weusi wenye kutu, na mwili mzima una vibonde vibonde, kama mtu aliyebonyeza ugali kwa dole gumba akasahau kuula. Vile vibonde ndivyo alivyovitaka kijana. Kichwani.

Ushauri wa kwanza ulitoka kwa jirani ambaye amewahi kufundisha chekechea, basi nikamwamini. Pulizia puto likue kuliko kichwa, pika uji mzito wa unga wa ngano, chana magazeti, bandika tabaka nne, acha siku moja, toboa puto, umemaliza. Siku moja! Anayesema siku moja anaishi Kyela au Dar. Hapa tuko mita kama 1,700 juu ya bahari, na usiku wa Juni ukiacha maji nje, asubuhi unaogopa kuyagusa. Nililaza puto langu kwenye karai sebuleni, limenona, linapendeza. Usiku baridi ikaingia, hewa ndani ya puto ikasinyaa, na magazeti yakiwa bado mabichi yakalifuata. Asubuhi nikakuta kitu kama parachichi lililosahauliwa dirishani wiki mbili.

Sikukata tamaa. Nikaliongezea upepo puto lilelile, nikabandika tabaka nyingine mbili, na safari hii nikaliweka juani juu ya bati la banda la kuku, nikaenda kazini. Sikukumbuka kwamba uji wa ngano ni chakula. Niliporudi mchana kuchukua vitambaa nilimkuta tetea mmoja yuko juu ya bati anadonoa utosi kwa utulivu kabisa, kama mtu aliyealikwa. Puto lilikuwa limeshapasuka. Jogoo, kwa kuwa ni jogoo, alikuwa ameingiza kichwa kupitia shimo la shingo akashindwa kukitoa, na anazunguka bandani na helmeti ya anga kichwani huku wenzake wanakimbia. Nasikitika mpaka leo kwamba simu niliiacha dukani. Yule ndiye mtu wa kwanza kuvaa helmeti yangu, na ilimkaa vizuri kuliko ilivyokuja kumkaa kijana baadaye.

Ushauri wa pili ulitoka kwenye simu ya kijana mwenyewe. Video za Wamarekani. Mzee mmoja ana karakana kubwa kuliko nyumba yangu, ana mashine ya kupuliza hewa moto, na ana programu ya kompyuta inayokunjua umbo la helmeti likawa karatasi za kukata na kubandika. Kijana akaipata michoro, akaenda steshenari kuichapa, karatasi ishirini na kitu. Tukakesha tunabandika. Ilipokamilika ingemtosha mtoto wa miezi sita, kwa sababu mashine ya steshenari ilipunguza kila ukurasa ili mchoro uenee kwenye karatasi, na hakuna aliyepima. Nilimuuliza, "Hukuchukua futi ukapima hata mstari mmoja?" Akanyamaza. Mtoto wa fundi cherehani, au tuseme mtoto wa kaka wa fundi cherehani, hakupima!

Hapo nikakasirika, na mimi nikikasirika ndipo akili inakuja. Maana nilijiuliza: hivi kichwa ni nini? Si mwili tu kama miili mingine? Mimi nimeshona gauni za maharusi wa kila umbo lililoumbwa na Mungu, nishindwe na kichwa kimoja?

Nikamkalisha kwenye stuli. Nikamfunga kanga mbili kichwani, kilemba kinene, ili kichwa kiongezeke na helmeti isije ikambana. Juu ya kilemba nikazungusha nailoni, uso nikauacha wazi kabisa, puani na mdomoni nailoni haifiki. Juu ya nailoni nikabandika ile teipu ya karatasi ya mafundi rangi, vipande vifupi vifupi vikipishana, mpaka kichwa kikawa kama yai. Nikachukua kalamu ya wino mzito nikachora juu yake helmeti ninayoitaka: mstari wa katikati kutoka paji la uso mpaka kisogoni, mstari wa sikio, shavu, kidevu. Kila mstari nikauwekea vialama vya kukutanisha, kama ninavyoweka kwenye mkono wa koti. Kisha mkasi, taratibu, kutoka kisogoni kwenda juu, nikalivua ganda zima.

Ganda ukilikata kwenye mistari, vipande vinalala mezani. Kisichotaka kulala unakichana kidogo mpaka kilale, kama tunavyofanya kwenye kifua cha gauni. Kifua na kisogo ni hesabu moja, mtu asikutishe. Na usitumie vipande vya pande zote mbili. Mkono haukazi teipu sawasawa kulia na kushoto, kwa hiyo chagua upande uliotoka vizuri, ukate mara mbili, cha pili ukigeuze. Yule mzee wa Marekani na programu yake hakulisema hilo.

Kwa mwili wenyewe nilitumia mikeka ya mpira ya watoto, ile laini yenye herufi inayopachikana. Vipande vingine nilinunua vya mtumba, herufi zenyewe zimepotea, vingine ni vya jirani ambaye mwanawe sasa yuko darasa la nne. Ukiitazama helmeti kwa ndani mpaka leo unaona shimo la K lililozibwa kwa kipande cha herufi nyingine. Kata kwa wembe mpya. Wembe ukianza kuvuta mpira badala ya kuukata, utupe, chukua mwingine. Nilimaliza pakiti nzima.

Kuukunja, nilianza na pasi. Usianze na pasi. Niliikwangua na kisu siku mbili na bado ikaacha alama kwenye sketi ya mteja. Kilichofaa ni jiko la mkaa, nje, mkaa umeshakuwa mwekundu na hauna moshi, mpira unaushika juu kama shibiri moja huku unaugeuza. Unaona wenyewe unabadilika: uso unaacha kuwa na vinyweleo, unang'aa kidogo, unalegea. Hapo unaukandamiza juu ya kitako cha sufuria na kuhesabu mpaka thelathini. Baridi yetu kwa mara ya kwanza ikanisaidia, maana unapoa upesi ukiwa na umbo lake. Vile vibonde vya Kimondo nilivitia kwa mgongo wa kijiko nilichokipasha motoni. Jioni nzima nilikaa nabonyeza, nabonyeza, na kusema kweli ile ndiyo kazi niliyoifurahia kuliko zote.

Gundi ni ile ya viatu. Video inasema paka pande zote mbili, subiri dakika tano, gandamiza. Nikasubiri tano, nikagandamiza, baada ya saa moja mashavu yote yamefunguka kama maganda ya maharage. Nikampelekea fundi viatu tunayekaa naye baraza moja. Hakuinua hata kichwa. "Dada, baridi hii dakika tano ni za nani? Gusa kwa mgongo wa kidole. Ikikufuata, bado. Isipokufuata, bandika, na ukishabandika usiombe kurudi nyuma." Nilisubiri karibu nusu saa. Haijafunguka mpaka leo.

Basi ikasimama. Nzuri. Nikaiweka juu ya cherehani, wateja wakawa wanaizunguka kama ng'ombe mgeni. Kijana akaja, akaishika kwa mikono miwili, akainua, akaishusha kichwani, ikagota juu ya masikio.

Shingo, ndugu zangu. Nilikuwa nimeichora shingo ibane vizuri, ipendeze, nikasahau kwamba kichwa lazima kipite pale pale ndipo kikae ndani. Niliona haya ya kitaalamu. Miaka yote hii nawaeleza wateja kwamba gauni la shingo nyembamba lazima liwe na mlango, halafu mimi mwenyewe! Kijana akashauri tupanue shingo kwa kisu. Nikamwambia ondoka hapa. Nguo isiyopita kichwani inatiwa zipu.

Nikatoa zipu nene kwenye begi la safari lililokufa magurudumu, nikapasua kisogo kutoka shingoni mpaka nusu ya utosi, nikatoboa matundu kwa msumari wa fundi viatu na kuishona kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta, nikamalizia na gundi. Juu yake nikafunika bomba mbili za mpira kama za kupitishia hewa, basi zipu haionekani kabisa. Watu wa kikundi walidhani ni mtambo. Nawaomba mnielewe, sijisifu bure: sijaona video hata moja ya helmeti ya angani yenye zipu.

Kioo cha uso nacho nilikipata kwa mguu wangu. Mwaka juzi niliteguka na kuvunjika kifundo, na picha za eksirei zilikuwa bado chini ya godoro. Ukiloweka picha ile kwenye maji yaliyotiwa Jik, nje ya nyumba na glovu mkononi, baada ya muda ule weusi unalainika na kutoka kwa kitambaa kama ukoko wa uji. Inabaki plastiki safi yenye ubuluu kwa mbali, inayopindika bila kuvunjika. Nilisugua nusu nzima, nikaacha kifundo kidogo pembeni, kwenye shavu. Kijana alitaka nikifute. Nikamwambia mgeni wa angani asiye na mfupa hata mmoja atadai jiwe kwa nguvu gani?

Rangi sitaisemea sana. Gundi ya mbao iliyozimuliwa na maji kwanza, tabaka tatu, moja kwa siku, ili mpira usiinywe rangi. Kisha nyeusi ya kupuliza. Kisha silva ile ya mageti, brashi karibu kavu, unapitisha juu juu ili ishike ncha tu na vibonde vibaki vyeusi. Kutu nilitia kwa rangi ya udongo ya kupakia kuta.

Mazoezini ilionekana kasoro moja: dakika mbili tu kioo kilijaa ukungu wa pumzi, mgeni akamkanyaga mzee wa kijiji. Nikapaka tone la sabuni ya maji ya vyombo kwa ndani, nikalifuta kwa kitambaa kikavu mpaka lisionekane, na nikatoboa matundu chini ya kidevu. Ukungu ukaisha.

Tarehe 30 tulipanda kosta alfajiri. Mbozi kulikuwa na upepo. Igizo lilikwenda vizuri mpaka pale wazee wanapomkaribisha mgeni kwa komoni, pombe yetu ya kienyeji, naye anatakiwa kuvua helmeti anywe. Akapeleka mkono kisogoni, akavuta. Zipu haikwenda. Akavuta tena. Yule anayecheza mzee wa kijiji akatazama watazamaji akasema, "Amekuja kudai jiwe, na mlango wake mwenyewe haujui."

Mimi mkobani natembea na kipande cha mshumaa, kama fundi yeyote. Nikainuka, nikapita katikati ya watu, nikapanda jukwaani, nikasugua mshumaa kwenye meno ya zipu, nikaivuta mpaka mwisho, nikarudi kukaa. Watu walipiga vigelegele, walidhani nimo kwenye igizo. Sasa wanakwenda kulicheza tena Vwawa, na wamenipa sentensi mbili za kusema.