Unayeanza gitaa, nenda ukapige na wenzako

Ndugu yangu unayejifunza gitaa, usisubiri uive ndipo uende kupiga na wenzako. Kaa kwenye rithim, yaani gitaa linaloshika mdundo wa wimbo. Ukizijua kodi tatu (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja), C, F na G, tayari una kazi, maana rumba nyingi huzunguka C-F-G-F mpaka mwisho. F ikikutesa (inawatesa wengi, kidole cha shahada kinatakiwa kilaze nyuzi zote 6), bonyeza zile 4 nyembamba tu. Kwenye kundi inatosha kabisa.

Uliza ufunguo, yaani noti ambayo wimbo umejengwa juu yake, kabla wimbo haujaanza. Mwimbaji akitaka Eb (E flati), funga kapo (kibanio kinachobana nyuzi zote shingoni) freti ya 3 uendelee na kodi zako zilezile.

Kinachoharibu hasa ni mwendo, wala si kodi. Anayeanza akikosea husimama ili arudie, wenzake wameshapita. Usirudie! Ukipotea, laza kiganja juu ya nyuzi zinyamaze, mguu uendelee kuhesabu 1-2-3-4, na sikio liende kwenye besi. Besi ikitua C, ingia hapo. Mpiga solo, yule wa gitaa la kuongoza, usimfuate, yeye huchelewesha na kuwahisha noti makusudi, atakupoteza.

Sebene, ile sehemu ya wimbo ya kuchezesha watu, ikichanganya, mkono utataka kujaza kila pengo. Uzuie. Shika mcharazo mmoja mfupi, na sauti yako iwe chini ya mwimbaji.

Na nyuzi mpya hulegea haraka, kwa hiyo tuni tena baada ya wimbo wa kwanza. Hakuna atakayekukasirikia kwa hilo, wakongwe nao hufanya hivyohivyo.