Jina lisilo kwenye jalada

Jana usiku nimemaliza kukisoma tena kile kitabu cha Star Wars nilichonunua kwa muuza vitabu vya mitumba. Karatasi zimeshakuwa za njano, gundi ya mgongoni imekauka, ukigusa ukurasa unachomoka. Jaladani pameandikwa George Lucas, mwongozaji wa filamu ya Star Wars, na miaka yote nimeamini ndiye aliyekiandika.

Kumbe mwandishi ni Alan Dean Foster! Kitabu kilitoka Novemba 1976, filamu ikafuata Mei 1977, kwa hiyo alikiandika kutokana na mswada, filamu yenyewe haijakamilika. Pale ambapo kamera ingeonyesha tu, yeye ilibidi atafute maneno.

Kinachonigusa zaidi ni kilichofuata, Splinter of the Mind's Eye cha 1978. Alitakiwa atunge hadithi inayoweza kugeuzwa filamu ya gharama nafuu, endapo ile ya kwanza isingeuza sana. Ndiyo maana sayari nzima imegubikwa na ukungu: ukungu unapunguza gharama za mandhari. Han Solo, mmoja wa mashujaa wa Star Wars, naye hayumo, kwani Harrison Ford aliyemwigiza alikuwa hajasaini mkataba wa filamu nyingine. Hebu fikirieni, jamani, kutunga huku umebanwa hivyo, na bado msomaji anakesha!

Mwaka 1979 akaandika riwaya ya filamu ya Alien. Namheshimu sana mzee huyu. Leo asubuhi nimechukua kalamu ya wino wa buluu, nikaandika jina lake ndani ya jalada la kitabu changu.