Nguo zilizobaki kwenye waya

Leo mchana, hapa kwenye fremu yangu ya ushonaji, nimezihesabu nguo zinazoning'inia kwenye waya. Ziko 14. Zote zimekwisha na zimepigwa pasi, na kila moja nimeibana kwa pini kikaratasi chenye jina la mwenyewe na hela aliyobakiza. 8,000. 12,000. 5,500. Kuna gauni la njano la mtoto wa kike limekaa hapo tangu Desemba. Wenyewe walikuwa hawajaja.

Nashona hapa Mtwara mjini tangu 2009. Nilianzia barazani kwa fundi mmoja Magomeni ya hapahapa mjini, kwenye cherehani ya kukodi, mpaka nikapata fremu hii karibu na soko. Kwa miaka yote hiyo sijahitaji redio iniambie hali ikoje. Mtaani wakianza kusema vyuma vimekaza, mimi nimeshaona wiki tatu nyuma, kwenye waya na kwenye kile kinacholetwa mezani kwangu. Hela ikiwepo, watu wanaleta vitambaa. Hela ikikata, wanaleta nguo.

Wiki hii sijakata kitambaa kipya hata kimoja. Nimebadilisha zipu, nimeshusha pindo za sketi za shule, nimetia viraka kaptula, nimepunguza suruali za mtumba. Jumatano alikuja mwalimu mmoja na mashati manne, akaniomba nimgeuzie kola. Kazi hiyo nilishaanza kuisahau. Unaifumua kola yote shingoni kwa ncha ya wembe, uzi mmoja mmoja, taratibu, usije ukalichana shati lenyewe. Upande uliolika, ule unaosuguana na shingo, unaugeuza uende chini, kisha unairudisha kola na kuishona kwenye mstari uleule wa zamani. Shati moja linakula karibu saa nzima. Nilimtajia 1,500 kwa kila shati, nikamwona anavyopiga hesabu kimyakimya, akarudisha mawili kwenye mfuko.

Nikamuuliza, "Mwalimu, nyie si mna mshahara?"

Akaniambia, "Mshahara upo, fundi. Ila siku hizi unalisha nyumba tatu."

Mama yake yuko Tandahimba, na dada yake yuko hukohuko na watoto watano, wote wanaishi kwa mikorosho. Msimu ukiwa mzuri, wao ndio wanaomletea yeye: unga wa muhogo, kunde, mwaka mmoja hata hela ya bati. Msimu ukiharibika, mshahara wake unageuka nyuma kwenda kuziba huko. Msimu uliopita mvua ilikuta mikorosho yao kwenye maua, wakavuna nusu ya walichozoea. Kwa hiyo mwalimu hashoni shati jipya. Kwa hiyo mimi sinunui uzi kwa jumla, nachukua kibunda kimoja kimoja. Na muuza uzi naye ana watu wake.

Hilo limenikaa moyoni tangu Jumatano. Tukisikia uchumi umeanguka, tunamfikiria mtu aliyepewa barua ya kuachishwa kazi. Yupo, na anaumia kweli. Lakini wengi wetu huku hatuna kazi ya kuandikiwa barua. Sisi hakuna anayetwambia chochote. Unafungua asubuhi, unafagia, unatia mafuta cherehani, unakaa. Adhuhuri inaadhiniwa hujaitwa "fundi" na mtu.

Wachumi wana kipimo chao cha mdororo: uzalishaji wa nchi ukishuka robo mbili za mwaka mfululizo, hapo ndipo wanaliita jambo kwa jina lake. Kwa kipimo hicho Tanzania haikuanguka hata mwaka wa korona. Takwimu za taifa zilionyesha kwamba 2020 uchumi ulikua kwa asilimia 4.8. Siipingi hesabu hiyo. Ninachosema ni kwamba ni hesabu ya nchi nzima imewekwa kwenye sinia moja, dhahabu ya Geita na bandari ya Dar es Salaam humohumo. Mkoa unaotegemea zao moja unaweza kuwa na mdororo wake wenyewe, na wala usionekane kwenye sinia.

Na zao lenyewe hebu litazame. Korosho yetu nyingi inaondoka ghafi, na maganda yake, inapelekwa India na Vietnam kubanguliwa, ndipo inauzwa Ulaya na Marekani. Kule ni kitafunwa. Familia ya huko ikibana matumizi haiachi mkate, inaacha korosho. Mnunuzi akiona soko la mbele limelala, anaandika bei ndogo kwenye zabuni yake. Mzee wa Newala aliyekaa mnadani anasikia tu bei inasomwa. Anaweza kugoma, na wakulima wa huku wameshagoma mara nyingi, lakini gunia liko ghalani, ada ya shule inasubiri, na mwenye duka anayemdai amekaa safu ya nyuma yake.

Nimetoa daftari langu la zamani usiku huu. Desemba 2017 limejaa mpaka kwenye jalada. Msimu ule nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000 na bei ikapita shilingi 4,000 kwa kilo. Nilikodi cherehani ya pili, nikamchukua kijana wa kunisaidia, tukawa tunashona mpaka saa sita usiku. Sare za harusi, mashela, magauni ya kutolea mwali, suti za watoto waliotoka jandoni. Watu walikuwa wanatoka vijijini na jora zima begani. Kianzio walikuwa hawaulizi, wanalipa yote.

Ukifungua Desemba 2018, kurasa zilizoandikwa ni tatu. Mwaka ule bei za minada ya mwanzo zilishuka, wakulima wakazikataa. Novemba, Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300, na malori ya jeshi yakaanza kusomba. Bei ilikuwa nzuri, watu walishangilia, hata mimi nilishangilia. Lakini malipo yalipita kwenye uhakiki, na wapo walioingia 2019 wanasubiri. Mavuno nayo yalikuwa yamepungua mpaka kama tani 225,000. Mji mzima ukawa unaishi kwa ahadi: "fundi, nikiingiziwa tu." Nilijifunza mwaka ule kwamba hela inayochelewa miezi minne inaumiza karibu sawa na hela ambayo haipo, kwa sababu mwenye fremu hapokei subira.

Yule kijana nilimwambia Januari akae nyumbani kwanza. Nilitia hilo neno "kwanza" kwa sababu lile lingine halikunitoka mdomoni. Alikuwa ameanza kukata suruali vizuri, mkono umetulia. Akaniambia, "Sawa, mama," akalipangusa cherehani lile la kukodi kwa kitambaa, akatandika kifuniko chake, akaenda. Sasa hivi ni bodaboda, tunapishana Chikongola ananipungia mkono. Nimewahi kusikia watu wakiwalaani waajiri wanaopunguza watu, na wengine wanastahili. Mimi nami nilipunguza. Sikuwa na ukatili, nilikuwa na mteja mmoja kwa siku.

Nyumbani kwangu hili lilitangulia kwa mlango mwingine. Mume wangu alikuwa dereva wa mkandarasi mmoja enzi za utafutaji wa gesi huku, kwenye 2012 mpaka 2014, wakati kila mtu alidhani Mtwara itakuwa Dubai. Nyumba za Shangani zilipangishwa kwa dola. Watu waliuza viwanja, wengine wakachukua mikopo benki wajenge vyumba vya wageni. Kisha mafuta yakaporomoka duniani: katikati ya 2014 pipa lilikuwa zaidi ya dola 100, Januari 2016 likawa chini ya 30. Kampuni zikabana mikanda, wageni wakaondoka mmoja mmoja. Bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam nalo likakamilika 2015, na walioajiriwa kulijenga kazi yao ikaishia hapo. Mume wangu alipewa mkono wa kwaheri na reflekta lake. Lile reflekta bado tunalo, mwanangu analivaa akienda kuchoma mkaa na babu yake. Wazee wa huku hawakushangaa. Wao wanaukumbuka mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kufutwa 1951, na reli ya kwenda Nachingwea iliyokuja kung'olewa baadaye. Baba mkwe akiona mgeni anapima ardhi, swali lake ni moja: "Na huyu anaondoka lini?"

Lakini kinachonitia hofu zaidi safari hii ni kikoba chetu. Tuko wanawake 22. Sanduku letu ni la chuma, lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti, hivyo hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Kila Jumapili tunanunua hisa, halafu mwenye shida anakopa. Mfumo huu unategemea kitu kimoja ambacho hatukukiandika kwenye katiba yetu: tusipate shida wote siku moja. Anayeuza samaki akikwama, muuza vitenge anakuwa na hela. Muuza vitenge akikwama, mama lishe anakuwa nazo. Jumapili iliyopita tulifungua kufuli zote tatu, mhasibu akahesabu hisa mbele yetu, zikatosha mkopo wa mtu mmoja. Waliokuwa wameandika majina ni tisa. Tulikaa kimya mpaka nikasikia kuku wa jirani wanavyochakura nje. Mwenyekiti akasema, "Jamani, nani anaweza kusubiri?" Hakuna aliyenyanyua mkono, na si kwa roho mbaya.

Baada ya kikao, shoga yangu mmoja alinivuta pembeni. Kumbe ameshachukua mkopo wa kausha damu ili alipe rejesho la kikoba asituangushe. Alikopa laki mbili, na marejesho ni ya kila wiki. Wiki akiikosa wanaongeza faini, na wiki mbili zilizopita vijana wao walikuja na pikipiki ya mizigo wakabeba jiko la gesi na mtungi wake. Anapika kwa kuni sasa, yeye ambaye biashara yake ni chapati za asubuhi. Nilimkaripia kwanza, halafu nikajuta, kwa sababu alikuwa anatulinda sisi. Nimempa hela ya unga wa siku mbili. Nimeapa pia kwamba Jumapili nitasimama kuomba marejesho yasogezwe kwa kila mtu mpaka Oktoba, minada ikianza. Najua wapo watakaokataa, maana kuna wenye hisa nyingi na wao wanangojea mgao. Hoja yao ninaielewa. Lakini tukimbana mtu tunamsukuma kwa wale wenye pikipiki, na akishapokonywa jiko halipi kwetu wala kwao.

Sasa gauni la njano.

Ukutani nimebandika tangazo, kama mafundi wote: nguo isiyochukuliwa ndani ya miezi mitatu itauzwa. Nililiandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu. Kodi ya fremu inaisha mwisho wa mwezi huu, na leo asubuhi alipita dada mmoja akaliona gauni, satini njano, mikono ya puto, akalipenda kwa ajili ya mwanawe. Alikuwa anatoa 15,000 taslimu. Deni la lile gauni ni 9,000. Nilimwambia apite kesho, nifikirie.

Saa kumi akatokea mwenyewe, mama wa Nanguruwe, mavumbi mpaka magotini. "Hodi, fundi. Sijakukimbia." Alikuwa na 4,000 mkononi na sado moja ya mbaazi kichwani. Binti yake yuko pembeni yake, kasimama nyuma ya kanga ya mama. Gauni lile lilikuwa la kutoka unyagoni Desemba. Nilimuuliza kwa sauti ndogo, "Sasa mtoto alitoka na nini?" Akasema, "Cha kuazima. Cha binamu yake. Alikuwa haachi kukishika kiunoni kisidondoke."

Sikumwonyesha tangazo. Nikateremsha gauni, nikamvalisha binti hapohapo nyuma ya pazia. Halikufunga. Miezi hii mtoto amenyanyuka, mabega yametanuka, zipu imegoma katikati ya mgongo. Mama yake akaanza kuinama kukusanya mfuko wake, kama mtu aliyezoea. Nikamwambia asubiri, nikachukua futi, nikampima upya: kifua kimeongezeka inchi moja na nusu, urefu mbili.

Huwa naacha kitambaa cha ziada ndani ya nguo za watoto, inchi moja kila mshono wa ubavuni na tatu kwenye pindo. Alinifundisha fundi wangu wa Magomeni. Kwa hiyo kinatosha. Mbaazi nimezipokea, nimeziloweka za kesho, na nimewaambia waje Jumamosi. Umeme umerudi sasa hivi. Nimeshafumua ubavu wa kushoto, nahamia wa kulia.