Ninavyoendesha akaunti ya mkopo wa hisa bila kuitwa na dalali

Kabla sijatuma oda yoyote ya kununua hisa kwa mkopo katika soko la Marekani, huwa na namba moja karatasini: bei ambayo dalali ataniita, yaani ataanza kudai niongeze dhamana. Programu za madalali hupenda kukuonyesha "uwezo wa kununua", yaani kiasi cha juu kabisa cha kujitumbukiza. Huo siutazami.

Kanuni T ya Benki Kuu ya Marekani inaruhusu kukopa hadi asilimia 50 ya bei ya hisa siku ya kununua. Kiwango hicho hakijabadilika tangu 1974. Baada ya kununua, FINRA, inayosimamia madalali, inataka mtaji wako (thamani ya hisa ukitoa mkopo) usishuke chini ya asilimia 25 ya thamani ya hisa, na akaunti ianze na dola 2,000 au zaidi. Madalali wengi hupandisha hiyo 25 hadi 30 au 40, na hisa zinazoyumba sana hudaiwa zaidi ya hapo. Wana haki ya kupandisha bila taarifa, na ya kuuza hisa zako bila kukupigia simu. Yote yamo kwenye mkataba ambao watu husaini bila kuusoma.

Hesabu yenyewe ni fupi. Hisa 200 za dola 50 ni dola 10,000. Nusu yangu, nusu mkopo. Nagawanya mkopo wa 5,000 kwa 0.70 (moja ukitoa dhamana ya asilimia 30), napata 7,143. Kwa hiyo hisa ikishuka hadi dola 35.71 naitwa. Hisa nyingi za kawaida huanguka kiasi hicho ndani ya mwaka mmoja mbaya. Ndiyo maana mkopo wangu hauzidi robo ya thamani ya hisa: nikikopa 2,500 tu kwa hisa zilezile, wito unasubiri dola 17.86.

Kuuza hisa za kuazima, yaani shoti (unauza sasa, ukitumaini kuzinunua baadaye kwa bei ya chini na kuzirudisha), ni mnyama mwingine, na wengi huingia wakidhani ni kununua kulikogeuzwa kichwa chini. Nikiuza hisa 100 za kuazima kwa dola 60, zile dola 6,000 hazitoki. Zinabaki kwa dalali kama dhamana, nami naongeza 3,000 zangu. Jumla 9,000. Dhamana ya chini hapa ni asilimia 30 ya thamani ya hisa ninazodaiwa, basi nagawanya 9,000 kwa 1.30 na kupata 6,923, yaani dola 69.23 kwa hisa. Upande wa kununua niliruhusiwa kuanguka karibu asilimia 29 kabla ya kuitwa. Huku asilimia 15 tu zinatosha. Dalali akipandisha dhamana hadi 40, bei ya wito ni 64.29, mwendo wa siku moja. Sababu ni kwamba hisa uliyoinunua ikikuumiza, inapungua uzito kwenye akaunti. Shoti ikikuumiza, deni linanenepa. Kwa hiyo kwenye shoti naweka fedha sawa na nilichouza, 6,000 kwa 6,000, na wito unasogea hadi dola 92.31.

Wito ukija, kosa la kawaida ni kufunga (kununua na kurudisha) hisa zenye thamani ya pengo lenyewe la dhamana. Tuseme ile shoti ya mwanzo, yenye dola 3,000 zangu, imepanda hadi 72. Nadaiwa hisa za dola 7,200, mtaji wangu umebaki 1,800 (9,000 ukitoa 7,200), na dhamana inayotakiwa ni 2,160. Pengo ni 360. Ukileta taslimu, 360 zinatosha. Ukifunga kwa kununua hisa, unagawanya 360 kwa 0.30, inakuwa 1,200, yaani hisa 17. Mwenye kununua hisa 5 tu ataitwa tena kesho yake asubuhi.

Gharama nazo zina mahali pa kujificha. Riba ya mkopo huhesabiwa kila siku, mara nyingi kwa mwaka wa siku 360: dola 5,000 kwa asilimia 8 ni kama dola 1.11 kwa siku, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. (Kwa anayejiepusha na riba, akaunti hii haina mlango wa uani.) Kwenye shoti kuna ada ya kuazima, inayobadilika kila siku, hisa ikiwa adimu, ada hupaa. Nakagua kwanza kama dalali anazo za kuazimisha, maana kisheria hawezi kupokea oda yangu ya shoti bila kuwa na msingi wa kuamini zitapatikana. Na gawio likitolewa wakati shoti iko wazi, mlipaji ni mimi: senti 50 kwa hisa 100 ni dola 50 zinazokatwa kwangu. Hivyo naangalia tarehe ya gawio kabla ya kuingia.

Mwenye hisa nilizoazima akizitaka, dalali anaweza kunilazimisha kununua siku yoyote, kwa bei yoyote. Oda ya kujikinga, inayonunua yenyewe bei ikifika nilipoiweka, haiponyi pia. Nikiiweka dola 66 na kampuni ikatangaza matokeo mazuri usiku, soko likifunguka kwa 80 nanunua kwa 80. Hisa ya GameStop, kampuni ya Marekani ya maduka ya michezo ya video, ilikuwa chini ya dola 20 mwanzoni mwa Januari 2021. Tarehe 28 ya mwezi huohuo iligusa 483. Kwa sababu hiyo hufunga shoti kabla ya siku ya matokeo, hata nikiwa na faida, na sigusi kabisa hisa ambayo sehemu kubwa yake tayari imeuzwa shoti na wengine, kwani wote hao watakuja kununua kupitia mlango mmoja.