Mahali pa Kusomea Fizikia

Nilipomaliza kidato cha sita katika tahasusi ya Fizikia, Kemia na Hisabati, karibu kila mtu nyumbani alidhani kwamba ningeomba uhandisi, na baba mdogo aliniuliza mara mbili iwapo fizikia ni kazi au ni somo tu. Mimi nilikuwa nimekwisha kuamua juu ya somo. Lililonisumbua ni mahali pa kulisomea.

Nililinganisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho kilianza mwaka 1961 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, na Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007. Umri wa chuo, hata hivyo, haumwambii mwanafunzi jambo analolihitaji zaidi, yaani kama atashika vifaa kwa mikono yake mwenyewe au atasimama nyuma ya wenzake kumi akichungulia oskiloskopu moja, kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye skrini. Kwa hiyo niliwatafuta wanafunzi wa mwaka wa tatu na kuwauliza kuhusu maabara, mradi wa mwisho, na iwapo mekanika ya kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo kama atomu, hufundishwa baada ya hisabati yake kukamilika, kwa kuwa anayekutana na milinganyo tofautishi na aljebra ya mstari darasani humo kwa mara ya kwanza huishia kukariri.

Nilichagua Dar es Salaam. Nakiri kwamba nauli ya daladala kutoka kwa shangazi, Ubungo, nayo ilichangia.